Mama Mkwe Ndani ya Redio ya Gari

Kolwezi, tarehe 22 Mei 1989

Kwa Citoyen Tshilombo,
Kaka wa mke wangu na msemaji wa familia ya wakwe zangu,
Liège, Ubelgiji.

Shemeki Mheshimiwa,

Natanguliza heshima zangu zote, za kalamu na za moyo. Sisi huku tu wazima. Mvua zimekatika na vumbi la mgodi wa Mashamba limerudi kazini. Baada ya hayo naomba ukae chini, maana nina malalamiko juu ya zawadi yako, na nimeyapanga kwa namba kama tunavyofanya ofisini.

Kwanza nikushukuru, ndiyo adabu. Unajua kwamba mama mkwe, kule Mbuji-Mayi, haandiki barua. Anazungumza kwenye kaseti na kumpa mtu anayekuja huku kwa treni. Unajua pia kwamba dada yako Mbelu hajamwona mama yake kwa miaka sita, na kwamba mwezi wa kwanza redio ya gari letu ilitafuna kaseti moja nzima, tepu ikatoka kama matumbo ya kuku. Mbelu alilia siku mbili, na mimi nikala bukari bila mboga. Ukasikia, ukatutumia walkman pamoja na ile kaseti ya ajabu isiyo na tepu, yenye mkia wa waya. Kaseti ya mama inakaa ndani ya walkman, mkia unachomekwa hapo, ile isiyo na tepu inaingizwa kwenye redio ya gari, na redio inatoa sauti bila kupata cha kutafuna. Niliunganisha mwenyewe, bila fundi, nikajisifu mbele ya majirani. Sasa najuta.

1. Sauti. Jumapili ya Pasaka tulikuwa tunakwenda misa, mimi kwenye usukani, Mbelu kando yangu, Mianda wetu wa kwanza na wadogo zake nyuma. Mbelu akabonyeza. Mama mkwe akatokea katika bafle nne za redio kwa mpigo, akasafisha koo, akatusalimu. Shemeki, wewe ni Muluba kama mimi. Mwanaume hakai pamoja na mama mkwe wake, hamtazami usoni, na akimwona anakuja anaiacha njia. Na huyu alikuwa nyuma ya kisogo changu, kushoto na kulia! Nilisimamisha gari karibu na soko, nikashuka, nikageukia ukuta, nikainamisha kichwa. Mbelu akaniita dirishani: «Tata Mianda, ingia mu motokari, ni kaseti tu!» Kaseti tu! Sauti ni ya nani? Kikohozi ni cha nani? Nilisimama pale mpaka upande wa kwanza ukaisha, watu wa parokia wakinipita na kuniuliza kama natapika. Nikarudi garini, nikawasha. Mbelu akageuza kaseti.

2. Chakula. Mbele ya mama mkwe sili kitu, hata chai sinywi. Jumanne iliyofuata nilikuwa naenda kazini peke yangu, andazi mdomoni, nikabonyeza kila kitufe nipate habari. Kumbe Mbelu aliacha kila kitu kimechomekwa. Mama mkwe akauliza kama tunakula vizuri. Lile andazi halikushuka wala halikutoka. Mlinzi wa kizuizi cha Mashamba ndiye aliyenipiga mgongoni mpaka nikapumua.

3. Kisimba. Huyu ni karani mwenzangu, mtu wa kaskazini ya Katanga, ninayempa nafasi garini kila Jumamosi tukienda sokoni na mke wangu. Mama ana desturi ya kuuliza swali kisha kunyamaza kidogo, ili anayesikiliza ajibu. Basi mama akiuliza kama watoto wanakua, mimi nikiwa nje, nimegeukia kichuguu, Kisimba ndani anajibu kwa nguvu: «Tuko bien, mama! Batoto banakomea!» Tshiluba chetu anasikia nusu tu, lakini mama akiendelea, unaweza kuapa kwamba amesikia jibu lake. Sasa anajitangaza ofisini kuwa anaongea na mama mkwe wangu kuliko mimi. Kinachoniuma ni kwamba hasemi uongo.

4. Usukani. Mama mkwe akiwa ndani ya gari, mimi siwezi kuwa ndani. Gari bila dereva haliendi. Kwa hiyo Mbelu amejifunza kuendesha. Wiki tatu zilimtosha, na mwalimu alikuwa Kisimba huyohuyo. Sasa anawapeleka watoto shule, anapitia wamama wote wa Kasai wanaotaka kusikia habari za nyumbani, na mimi naenda kazini nimesimama kwenye lori la wafanyakazi. Juzi nikiwa natembea walinipita barabarani. Mbelu akapiga honi, akanipungia mkono. Nikatazama chini, kwa heshima ya aliyekuwa ndani. Nilipomlalamikia nyumbani alinijibu: «Kama hautaki kukaa na mama, kaa inje.» Basi niko nje ya Peugeot niliyoitafuta miaka minane.

5. Ugeni. Hili ndilo zito kuliko yote. Ikiwa mama ni mgeni wangu tangu Pasaka, basi hadi leo hajachinjiwa kuku, hajapewa kiti, na analala garini uani. Majirani wakilifikiria vizuri jambo hili, jina langu limekwisha hapa Kolwezi. Jumamosi nilichinja kuku, nikaagiza sahani iwekwe kwenye kiti cha mbele, nikaenda kusimama mbali. Watoto waliila yote.

Kwa hiyo, Shemeki, naomba familia ikae na kuamua. Ikiwa mama yumo garini, leteni ujumbe wa watu wazima mje kumchukua kwa heshima inayomstahili, pamoja na waya wake. Ikiwa hayumo, niandikieni cheti chenye mhuri na sahihi yako, kisemacho kwamba sauti ya mtu si mtu. Nitakibandika kwenye kioo na kurudi kwenye usukani wangu. Usinishauri kwamba Mbelu asikilize kwa vile vya masikioni vya walkman. Tulijaribu: anasikia mmoja, wanalia wanne.

Nisipopata jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, nitauchomoa waya na kukurudishia, na mama itabidi atafute mtu wa kumwandikia barua. Najua Mbelu ataumia sana, na hilo silifurahii hata kidogo. Lakini nimechoka kutazama kuta.

Msalimie mke wako Valérie, msalimie Badibanga, umsalimie kila mtu wa kwetu unayekutana naye kwenye baridi hiyo, na yeyote atakayeuliza habari zangu umwambie nipo, natembea kwa miguu.

Ni mimi shemeki wako, mwenye gari na asiye na kiti,

Muamba

P.S. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha. Nikaenda uani kuuchomoa waya, nikuambatanishie kabisa nisingoje mwezi wa sita, nikabonyeza kwanza nione kama bado unafanya kazi, nisije nikakurudishia kitu kibovu. Ilikuwa mwisho wa upande wa pili, ambao sijawahi kuusikia kwa sababu kila mara nilikuwa nje nimeziba masikio. Mama alikuwa anamwambia Mbelu kwamba neno linalofuata si lake, ni langu, na asinisimulie, nilisikie mwenyewe. Akasema amegeuka, ameipa mashine mgongo, ili heshima isivunjike. Akasema ule mwezi aliokuja Mianda alipozaliwa, nikahamia kwa rafiki ili yeye awe huru nyumbani, alikuwa akiniona dirishani kila asubuhi, nimesimama kwenye uzio, mvua inaninyeshea, naulizia mtoto kwa sauti ndogo nisimwamshe. Aliniomba msamaha kwa kunitazama. Akasema tangu siku zile hana wasiwasi juu ya binti yake, na hakuwa na njia ya kuniambia.

Shemeki, nililia. Nami nikageuka, nikaipa redio mgongo, tukakaa hivyo garini, mama na mimi, mpaka tepu ikaisha. Kisha nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena.

Waya haurudi. Cheti usiandike. Na ukimtumia mama kaseti, mtumie zile za dakika tisini, maana hizi za sitini hazimtoshi.