Vanila Iliyolala Ndani ya Karafuu

Dokta aliuona ule mtambo wakati akitafuta kivuli. Mlango wa karakana ya sabuni ulikuwa wazi, na mle ndani, juu ya meko ya matofali, ulisimama mtambo wa kukenekea mafuta kwa mvuke, wa shaba nyekundu tupu, tumbo kubwa, shingo ndefu. Shaba ya namna ile wanunuzi wa vyuma huilalia mlangoni. Dokta alimeza mate.

Tuseme ukweli mapema: hakuwa daktari wa kitu chochote. Koti jeupe alilinunua mitumbani, na tangu alivae watu wakampandisha cheo wenyewe. Ila kitabu kimoja cha kemia aliwahi kukisoma, kurasa tatu za mwanzo, na mle akaokota hekima moja. Wataalamu wa siku hizi, wakitaka kuunda molekuli, hawaanzi na walicho nacho. Wanaanza na wanachokitaka, kisha wanarudi nyuma hatua kwa hatua wakijiuliza: kabla ya hiki kulikuwa na nini? Mpaka wafike kwenye malighafi inayopatikana kila duka.

Dokta akapiga hesabu hiyo palepale kivulini. Mwisho: mtambo uko kwenye pikapu yangu na mwenyewe ananipungia mkono. Kabla ya hapo: ameupakia mwenyewe. Kabla ya hapo: ameuona takataka mbele ya nitakachompa. Na mwanzo kabisa, malighafi isiyokosekana mtaa wowote: tamaa. Akapiga hodi.

Fundi sabuni alikuwa akijaza mafuta ya karafuu kwenye chupa. Mtambo ule aliurithi kwa baba yake. Ndio uliolisha nyumba nzima. Kando yake, dada yake mkubwa alikuwa akikata miche ya sabuni kwa waya.

"Bosi wangu," Dokta alisema, akinusa chupa, "haya mafuta unayauza hivihivi?"

"Sasa niyauzeje? Niyaimbie?"

Dokta akajishika kichwa kama aliyefiwa. "Humu ndani kuna vanila imelala. Vanila! Inataka kuamshwa tu."

Na hapo ndipo penye ubaya wa mwongo hodari: jambo lenyewe ni kweli. Vanila hutengenezwa kutokana na mafuta ya karafuu, na wenye elimu yao wanafanya hivyo. Dokta tu ndiye hakujua jinsi.

Kesho yake alikuja kufanya onyesho. Akapima gramu kumi za mafuta, akamimina kwenye chupa ya kioo, akaongeza chumvi ya mezani na sukari, vitu alivyoviita kwa majina marefu yenye namba katikati, akavichemsha mpaka vikawa vyeusi ti.

"Molekuli hii ina mkono na ina mkia," alieleza. "Mkia tunaukata. Lakini mkono tunaufunika kwanza, usije ukaungua. Tukimaliza, tunaufunua."

"Ala!" fundi aliguta.

Dokta akachuja ule weusi kwa kitambaa, akakikamua, akakikunjua. Unga mweupe ukamwagika kwenye sahani, na karakana yote ikanukia keki. Kitambaa kilikuwa na mfuko wa siri, na vanila ilitoka dukani. Fundi alikaribia kulia. Palepale wakakubaliana: siri ya vanila kwa mtambo wa shaba, mabadilishano kesho asubuhi. "Vanila haihitaji mtambo, bosi. Hilo dude la nini tena?"

Dada mtu aliuchukua unga akauweka kwenye mizani ya sabuni. Gramu kumi na tano, kutoka gramu kumi za mafuta.

"Hongera, mwanangu," alimwambia Dokta.

Huyu mama alikuwa ameosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo miaka ishirini na minane. Wanafunzi waliotoa kingi kuliko walichotia aliwaona wengi, na siku zote ilikuwa moja kati ya mawili: hawajakausha, au waongo. Unga huu ulikuwa mkavu kama chaki.

Dokta alipoondoka, akamgeukia mdogo wake. "Amesema ameikata mkia. Wewe ukimkata mbuzi mkia, anazidi uzito?"

"Dada, acha wivu."

"Huo mtambo ndio uliotusomesha. Ukiondoka tutakula nini?"

"Tutakula vanila! Mwenzio ni msomi. Wewe uliosha chupa tu."

Maneno hayo yalimchoma. Alikusanya unga wote na yale masizi yaliyobaki, akaenda navyo jikoni.

Asubuhi Dokta alifika na pikapu, filimbi mdomoni. Fundi alikuwa ameenda kuita wabebaji.

"Afadhali umekuja, mwanangu," mama alisema. "Nilikuwa naosha chupa yako, nikasikia masizi yananukia. Nikaona nisimwage kwanza."

Akachukua bakuli moja la masizi, akayatia maji ya moto na mkaa uliosagwa, akayachujia kwenye glasi kwa kitambaa chake mwenyewe. Yakatoka maji meupe pe. Akayaacha yapoe, huku Dokta akitazama saa. Kisha akachukua kijiti cha kioo, akaukwaruza ubavu wa glasi kwa ndani. Mara moja. Mara mbili.

Pale alipokwaruza pakaota sindano nyeupe, zikaota nyingine juu yake, zikasambaa mpaka glasi ikajaa. Harufu ya keki ikapanda.

Dokta alinyakua kile kitambaa, akakigeuza nje ndani. Hakina mfuko! Kumbe ule upuuzi wake ulikuwa unafanya kazi kweli! Hakuna anayedanganyika upesi kama mwongo aliyeaminishwa kwamba alikuwa akisema kweli.

"Mama, masizi yamebaki mengi?"

"Jagi zima. Lakini mdogo wangu anasema ni yake, si yametoka kwenye mafuta yake? Akija nitamwonyesha."

"Usimwonyeshe!"

"Na kule maabara walikuwa wanasema masizi ya kwanza ndiyo yenye mbegu. Ukiwa na mbegu, fuwele, hizi sindano, zinaota zenyewe. Ukiipoteza, utakaa mwaka unachemsha bure."

"Mama yangu, nikupe nini?"

Mama akajishika kiuno. "Mimi mtu mzima. Sabuni napeleka sokoni kichwani." Akaitazama pikapu, akaangalia pembeni kwa haya.

Pikapu ile Dokta aliachiwa na marehemu mjomba wake. Ndicho kitu pekee alichopata kwa haki maishani. Akaifikiria kidogo, kisha akasikia sauti za wabebaji wakija. Akatia sahihi kadi ya gari, akatoa ufunguo, akalikumbatia jagi, akatokomea uchochoroni kwa miguu huku koti jeupe likipepea.

Fundi aliingia na wanaume wanne. "Dokta yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Na mtambo?"

"Si huo?"

"Na hiyo gari?"

"Yetu. Hawa mabwana watusaidie kupakia sabuni."

Akamsimulia yote. Fundi aliketi juu ya katoni. "Kwa hiyo kwenye jagi kuna nini?"

"Sukari iliyoungua na chumvi, nyingine nimeiunguza mwenyewe usiku mpaka jagi likajaa. Unga wake niliuchanganya kwenye bakuli moja tu, ukarudi kwenye glasi. Vanila ya bure hiyo, tutatia kwenye sabuni."

"Ulijuaje ataingia mkenge?"

"Nilianzia mwisho. Nikauona mtambo uko hapa na yeye anaondoka kwa miguu, nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Mwalimu wa kule maabara alilisema hilo kila mwaka, miaka ishirini na minane. Nilikuwa naosha chupa, sikuwa nimeziba masikio."

Fundi aliinama. Aliona aibu kweli, na ilimstahili. "Dada, nisamehe."

Mama akaiinua ile chupa ya Dokta, sukari nyeusi imegandia chini kama lami, akampa pamoja na brashi.

"Nimeshakusamehe," alisema. "Ianzie ndani."