Nguzo Nimetoa, Uzio Uko Wapi?

Kwako Shemeji, Fundi Mwashi,

Nakuandikia kwa heshima zangu zote, ingawa hustahili hata nusu yake. Unajua kwamba dada yako amehamia kwa mama yenu, na ameapa kutorudi hadi usimame uzio wa kuwazuia mbuzi wa jirani kuimaliza bustani yake. Wewe ukaniachia karatasi ya makadirio ya zege. Nimeifuata neno kwa neno, na haya ndiyo matokeo:

1. Uliandika: "Pima ujazo wa shimo, toa nguzo, kinachobaki ndicho zege." Nguzo zilikuwa zimeshasimama mashimoni, wima kama askari wa gwaride. Nikazitoa zote. Mgongo wangu hadi leo hausemi na mimi.

2. Zege ulilokadiria halikutosha! Kila shimo lilipungukiwa, na ajabu ni kwamba upungufu wenyewe ulilingana kabisa na nguzo niliyoitoa. Hiyo si bahati mbaya, huo ni ufundi wa kupunja. Ikanibidi nikoroge jingine ndipo mashimo yakajaa hadi juu.

3. Karatasi yako haisemi popote nguzo zinarudi lini. Zege limekauka, nguzo zimeegemea ukuta kama watu wanaosubiri kinyozi. Moja nimejaribu kuirudisha kwa nyundo. Imepasuka.

4. Mbuzi wamefurahi mno. Sasa wanasimama juu ya zege letu, kwato kavu, wakila mboga kwa nafasi. Nimewajengea baraza.

Nimesoma vitabu vingi kuliko matofali uliyowahi kupanga, na sijaona maelekezo ya hovyo kama haya. Nadai ukiri mbele ya ukoo mzima kwamba wewe ndiye unayevunja ndoa hii, kisha wewe mwenyewe umrudishe mke wangu.

Wasalimie mama mkwe, watoto, na mafundi wenzako wote wasio na hatia.

Ni mimi shemeji yako, mwenye mashimo yaliyojaa na nyumba tupu.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea dada yako barua hii kwenye simu, ili aniunge mkono. Akaniuliza tano toa mbili ni ngapi. Nikajibu tatu. Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Anarudi kesho asubuhi. Anasema uzio unaweza kungoja, ila hizo nguzo ukutani lazima azione kwa macho yake. Shemeji wangu mpenzi, ukishaisoma barua hii ichane, uje leo leo, na usisahau sururu.