Miwani ya Fundi Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimefungua miwani ya mke wangu. Haikuwa mbovu. Nilitaka tu kujua skrubu ndogo namna ile inashika nini. Kumbe inashika kila kitu! Mkono umeanguka huku, kioo kule, skrubu haionekani tena duniani. Nimepapasa mkeka mzima kwa magoti. Balaa ni kwamba mke wangu ni fundi cherehani, na anashona gauni la harusi la mdogo wake. Harusi Jumamosi. Bila miwani hatofautishi sindano na ukucha wake. Ameuliza iko wapi. Nimesema labda ameisahau sokoni. Uso mkavu kabisa.

Jumanne, 5 Machi
Nimepitisha uzi mahali pa skrubu, nikafunga fundo. Mkono umekaa! Kisha umelegea, ukaning'inia. Nimeongeza kijiti cha meno. Kimeingia vizuri mno. Nimesukuma kidogo nione mwisho wake, fremu ikapasuka katikati. Sasa nina miwani mbili, kila moja ya jicho moja.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, amepita. Nyumbani humu namwita Mjuaji, kimoyomoyo. Amesema kama miwani imepotea, dada yake aende kwa fundi wa miwani apimwe upya. Kila kitu yeye ni kwa fundi! Nimemwambia asubiri, itaonekana tu. Mtu hana udadisi hata chembe.

Jumatano, 6 Machi
Gundi kali. Imeshika fremu, imeshika na kidole changu. Nimejibandua kwa mafuta ya kupikia na machozi. Ili vumbi lisiingie, nimeifungia miwani kwenye mkebe wa biskuti. Baadaye nafunua: vioo vyeupe, ukungu mtupu! Na gundi sikuigusisha vioo hata tone. Imefikaje? Nimesahau hofu yote, nimekaa kushangaa. Yaani mvuke wake unatembea! Nimetia gundi nyingine mkebeni, pamoja na kijiko, nione kama nacho kitapata ukungu.

Kimepata!

Nikiwa katika furaha hiyo nimesikia mke wangu akijichoma sindano sebuleni. Nusura damu idondokee gauni. Roho imeniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimesugua vioo kwa dawa ya meno. Ukungu umetoka, mikwaruzo imeingia. Ukivaa, kila mtu ana ndevu. Sina tena pa kujificha. Nimempelekea mke wangu vipande, nikasema yote. Amelia. Si kwa ajili ya miwani. Mama yao hayupo tena, na yeye ndiye aliyemwahidi mdogo wake kwamba gauni hilo atalimaliza kwa mikono yake. Nimeona aibu hadi masikioni.

Mjuaji amempeleka kwa fundi. Miwani mpya itapatikana wiki ijayo. Hakunicheka, jambo lililoniudhi zaidi.

Ijumaa, 8 Machi
Leo mimi ndiye macho yake. Natunga uzi, naelekeza: kushoto kidogo, hapo, ah, umepita. Yeye anashona kwa kupapasa. Nimemuuliza anajuaje kwamba pindo limenyooka. Amenishika kidole, akakipitisha juu ya mshono. Kweli unausikia! Tumecheka mpaka uzi ukakatika.

Jioni gauni limekwisha. Bibi harusi amelivaa, amejizungusha, amemkumbatia dada yake muda mrefu. Mimi nami nimetoa machozi. Nimeapa mbele yao: sigusi tena kitu cha mtu.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika nikiwa ukumbini. Gauni limemkaa bibi harusi barabara! Mke wangu ameisimulia meza nzima habari ya mkebe, watu wamevunjika mbavu, naye amenishika mkono mbele ya wote. Nimesamehewa. Sasa wamekwenda kucheza.

Baba mkwe amechoshwa na muziki. Amevua kile kifaa chake cha kusikilizia, amekiacha kando ya sahani yangu, amesinzia. Atakihitaji punde, maana maharusi watamwendea, na binti yake amejiandaa kumwambia maneno ya shukrani. Kifaa chenyewe kidogo ajabu. Kina kifuniko ubavuni. Sauti inaingilia wapi? Inakaa wapi kabla ya kufika sikioni? Nafungua, natazama, narudisha. Hata hatajua.

Kisu cha siagi kinaingia vizuri.