Nati Ishirini za Pikapu ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa! Mke wangu amesema ifikapo Jumamosi saa nne asubuhi, pikapu ya marehemu baba iwe imetoka getini kwa nguvu zake yenyewe. Isipotoka, mnunuzi wa chuma chakavu anaibeba. Ameshamwita. Anataka nafasi ajenge chumba cha cherehani zake. Nimecheka. Ni kweli imekaa uani miaka tisa na kuku wanataga chini ya kiti. Lakini ni gari la baba!

Nimetia betri mpya. Nimewasha. Ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma! Nimepiga vigelegele, mwanamume mzima.

Tatizo moja dogo: breki zimeganda kwa kutu, magurudumu hayazunguki. Dawa yake ni kufungua magurudumu, kulegeza breki, kufunga. Nati tano kila gurudumu. Ishirini tu! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana gereji mtaa wa pili. Amejitolea kuja. Nimekataa. Yule akikukazia skrubu moja, ataisimulia mwaka mzima.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Nimeanza upande wa kulia. Nimezimwagia nati dizeli, nimezisubiri zinywe, nimezigonga kidogo kwa nyundo, nimekanyaga spana. Krrr! Moja. Krrr! Mbili. Kufikia adhuhuri zote kumi ziko chini. Ndani ya ngoma za breki nimekuta makorokoro yameshikana: springi, vyuma vya kupinda, sijui nini. Nimeyatoa yote. Yamejaa karai. Magurudumu yanazunguka kama feni! Sielewi mafundi huyarudishia nini.

Jumatano, 5 Machi

Upande wa kushoto. Nati hazitikisiki. Dizeli, wapi! Mafuta ya taa, wapi! Nimebuni dawa yangu mwenyewe: siki, magadi na mafuta ya taa. Imetoa povu zuri ajabu! Nati zimeng'aa, kulegea hazikulegea. Mke wangu ameuliza siki yake iko wapi. Nimesema sijaiona, na mikono inanuka siki.

Shemeji amechungulia juu ya ukuta, akaanza kuniambia jambo kuhusu huo upande. Nimemkatiza. Nimemwambia hili ni gari la baba yangu, nalijua tangu sijaota meno. Amesema haya shemeji, kazi njema. Akaenda zake akitabasamu. Limeniudhi sana tabasamu lile.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki: urefu! Nimeng'oa bomba linaloshikilia kamba ya nguo, mita mbili nzima, nikalichomeka kwenye mpini wa spana. Nguo zote chini, shuka nyeupe zikitangulia. Nimemwita jirani yetu Tani Moja, na jina halikumwonea. Tukaning'inia wote wawili. Kijasho chembamba. Mara, KWA! Nikaruka juu kwa furaha, nikamkumbatia Tani Moja. Kuangalia vizuri, bolti imekatika pamoja na nati yake. Haidhuru. Zilikuwa kumi, zimebaki tisa. Hayo ni maendeleo.

Mke wangu amefua shuka upya, akazianika ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Tangu alfajiri nasukuma, hakuna kitu. Mchana nikakaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Nikamkumbuka baba akinipakata ili nishike usukani. Machozi yakanitoka. Mke wangu akaja na chai, akauliza kulikoni. Nimesema dizeli imeniingia machoni. Akanitazama sana. Akaweka chai chini, akachukua spana, akaivika nati, akaisukuma upande wa kukaza. Nikapiga kelele kwamba ataharibu! Krrr. Imelegea!

Kumbe upande wa kushoto wa gari hili, nati zina meno ya kinyume. Ukigeuza kama unakaza, ndiyo unafungua. Baba alimfundisha yeye walipopata pancha wakitoka hospitali, mimi nikiwa safarini. Siku tatu zote nimekuwa nikikaza! Nimeuliza kwa nini hakusema. Amesema alikitaka chumba chake, na isitoshe sikumwuliza. Sasa mbona leo? Amefungua zote tisa kwa mkono wake. Nampenda mwanamke huyu!

Makorokoro ya kushoto nayo nimeyatupa karaini.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne kasorobo. Mnunuzi wa chuma kafika na lori. Mke wangu yupo, shemeji yupo, Tani Moja yupo, mtaa mzima upo. Nimepanda. Gia ya kwanza. Pikapu ikatoka getini kwa nguvu zake yenyewe! Watu wakashangilia. Nikapunga mkono. Nikakanyaga breki nisimame kwa madaha.

Breki ziko kwenye karai!

Na pale getini ndipo mteremko unapoanza. Nikapiga honi, haikulia, nikawa napiga honi kwa mdomo. Tukaparamia rundo la mchanga la jirani anayejenga, tukatulia humo, pua juu. Hakuna aliyeumia. Kuku aliyekuwa chini ya kiti ametaga.

Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia mnunuzi arudi zake. Sharti ni sharti, pikapu imetoka yenyewe. Ila uani hairudi tena, iende gereji kwa kaka yake. Gari la baba limepona! Nimemshika mkono mbele za watu wote.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amesema magurudumu yote yafunguliwe tena, breki zirudishwe. Nimemwambia upande wa kulia aniachie mimi. Siri ninayo sasa: gari la baba hufunguliwa kinyume. Zile za Jumanne zilifunguka kwa bahati tu, zilikuwa hazijanizoea. Akafungua mdomo aniambie jambo kuhusu upande wa kulia. Nimemwambia asijisumbue, somo limeniingia. Kesho saa moja kamili nipo gereji. Tani Moja amekubali kuja, na nimepata bomba la mita tatu!