Mniachie Watu Wangu Mia Tisa

Kwa Bi. Mkuu wa Utafiti wa Nguvukazi, Helsinki.

Bi. Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kahawa yako ikiwa bado ya moto, maana malalamiko yangu hayafai kusomwa kwa tumbo tupu.

Mimi ni Tauno Hyppönen wa Rantasalmi, fundi wa boti za mbao, mgane. Kompyuta yenu iliniteua kwa bahati nasibu niwe kwenye sampuli, yaani wale wachache mnaowahoji habari za kazi kwa niaba ya nchi nzima. Mhoji wenu, Dada Aune, akanieleza kwa simu kwamba majibu yangu yanasimama badala ya watu kama mia tisa. Sasa, baada ya mahojiano matano, mmeniachisha. Sikubali, kwa sababu zifuatazo:

1. Sikushauriwa. Hata diwani huondolewa kwa kura.

2. Watu hawa nimewatunza. Wiki ile niliyomnolea jirani msumeno kwa saa moja mlinihesabu mwenye kazi, na mia tisa nao wakapata kazi papo hapo. Serikali gani imewahi kufanya hivyo kwa tupa moja ya kunolea?

3. Jirani yangu Kalervo naye alichaguliwa, akamkatia Aune simu: "Usinisumbue, mama, nina samaki motoni!" Nasikia fungu la wanaokataa hugawiwa sisi tunaojibu. Basi nimembeba Kalervo na watu wake, na shukrani yake ni kunipigia kelele dukani: "Vipi, mzee wa mia tisa, leo tumeajiriwa au tumefukuzwa?"

4. Mnaandika kwamba makadirio yenu huweza kuzidi au kupungua kidogo. Mimi sijapungua hata siku moja.

5. Naomba hao mia tisa waletwe kwangu kwa zamu, tuoge sauna, bafu letu la mvuke, tujuane. Soseji waje nazo.

6. Hili ndilo kubwa. Kwetu mtu hujibu alichoulizwa, basi. Aune aliuliza kama nilifanya kazi, kama natafuta kazi, kama ningeweza kuanza ndani ya wiki mbili. Mnauliza naishi na nani. Hamuulizi naongea na nani. Kwa hiyo sikusema. Tangu Lempi wangu afariki, hiyo ndiyo simu pekee niliyokuwa nanyoa ndevu kabla ya kuipokea. Mara ya mwisho Aune alisema, "Haya, kaka Tauno, ndiyo tumemaliza hivyo." Nikajibu, "Sawa." Yaani watu mia tisa tukasema sawa! Najuta kwa niaba ya wote.

Nirudisheni kwenye sampuli, na mhoji awe yuleyule.

Wasalimie wahoji wote, na aliyerithi watu wangu mwambieni wamezoea kahawa kali.

Wako mtiifu, kwa niaba ya takriban mia tisa,

Tauno Hyppönen

N.B. Sijafunga bahasha, Aune amepiga simu. Amestaafu Ijumaa. Habari za kazi hakuuliza kabisa. Ameuliza, "Kaka Tauno, hivi sauna yako Jumamosi inawashwa?" Nimesema inawashwa. Hao mia tisa mpeni Kalervo, na wasije. Safari hii najijibia mwenyewe.