Krismasi Yetu, Miguuni mwa Washambuliaji

Jumapili, 16 Septemba

Siku ya ishirini na tisa ya ndoa. Edmise amelala kwenye kochi, kitabu usoni. Hata kukoroma kwake kuna sauti nzuri. Mimi, Gontran, nimepewa mke huyu! Bado siamini.

Tatizo ni moja tu: Krismasi. Mama yangu kule kisiwani Martinique ananenepesha nguruwe tangu siku ya uchumba na ameshautangazia mtaa mzima kwamba mkwe anakuja kuimba nyimbo za Noeli sebuleni kwake. Baba mkwe, Mzee Hildevert, mstaafu wa posta, anakaa ghorofa ya juu yetu hapa Sarcelles, kando ya Paris. Yeye anasema Krismasi ya kwanza ya binti yake italiwa kwao Guadeloupe, kisiwa jirani, kwa dada yake, na si kwingine.

Leo baada ya misa tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Edmise amesema yeye hachagui kati ya wanaume wawili anaowapenda. Ndipo nikapata wazo. Kombe la Ng'ambo, la visiwa vya Ufaransa, limeanza, timu zetu zote zimetua Paris, na Jumamosi Martinique inacheza na Guadeloupe. Atakayeshinda ndiye atakayeandaa Krismasi. Mzee amenipa mkono haraka sana. Maskini, hajui nina akili gani.

Jumanne, 18 Septemba

Guadeloupe 3, Réunion 1. Nimejua bila kuangalia. Kila bao, Mzee amepiga ngoma yake juu ya dari letu. Vumbi limeingia kwenye supu.

Nimechukua ufagio nigonge dari. Edmise ameinuka, ameanza kucheza ile ngoma ya adui peku katikati ya sebule, mikono kiunoni. Ufagio umenianguka. Nimesahau hasira, nimesahau supu, nimesahau hata jina langu.

Ila nasikia winga wao mmoja anakimbia kama ana deni. Lazima apunguzwe mwendo.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimejiandikisha kuwa mtu wa kujitolea kwenye mashindano. Nimepewa kofia na kadi ya shingoni, kazi yangu kubeba maji. Sasa naingia hotelini kwa timu ya Guadeloupe kama kwangu.

Mpango: chakula! Wavulana wana wiki nzima wanakula tambi za hoteli. Jumamosi, saa tano asubuhi, nitawapelekea sufuria ya vidonge vya unga wa ngano uliokandwa, kwa maharage mekundu na mkia wa nguruwe wa chumvi. Chakula cha kwao hasa. Nani atakataa? Mtu akila bakuli mbili za vile vidonge hakimbii, analala. Mechi ni saa tisa.

Nimemwambia Edmise nataka kuwakirimu wageni, ndugu wa baba yake. Machozi yamemlengalenga. Amesema hakujua ameolewa na mtu mwenye moyo mkubwa hivi. Nimeona haya, kidogo. Halafu akanipaka unga puani na haya yakaniisha.

Ijumaa, 21 Septemba

Tumekanda unga pamoja. Mikono yake ndani ya mikono yangu. Unga kilo tano! Ningekanda kumi.

Nimempigia Mama simu kumwambia anunue viazi vikuu. Ameuliza kama nina uhakika. Nimemwambia matokeo yako jikoni.

Jumamosi, 22 Septemba

Naandika nimelala chali. Kukaa siwezi.

Hotelini nimepokewa na Bi Philogène, mtunza jezi wa Guadeloupe, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Amefunua sufuria, amenusa, ameniuliza mama yangu ni wa wapi. Nikasema Martinique. Wachezaji wote wamenigeukia.

Nilisahaulishwa na mapenzi! Tangu utotoni tunakatazwa kula kwa mtu usiyemjua, hasa siku yenye ushindani, maana hujui ametia uchawi gani. Na mimi nimewapelekea adui sufuria siku ya mechi.

"Kula kwanza wewe, mwanangu," amesema, na kunichotea.

Nimekula bakuli la juu. Akasema uchawi huzama. Nimekula la katikati. Akasema basi tuone la chini. Winga wao alikuwa ananipepea kwa kofia yangu mwenyewe. Nilipomaliza, Bi Philogène ameridhika.

"Haina kitu. Asante sana. Wanangu watakula wali na kuku."

Nimeburuta sufuria mpaka getini pa uwanja, nimemwachia Edmise, aliyekuja kutazama mechi, airudishe nyumbani, nimeenda kujilaza kwenye hema la huduma ya kwanza. Niliota nguruwe.

Nimeamshwa na ngoma ya Mzee jukwaani. Guadeloupe moja. Nimetoka. Beki wetu wa kati alikuwa anageuka kama mtu aliyebeba friji. Kipa wetu amekaa chini, ameegemea mlingoti. Guadeloupe mbili. Nimemuuliza Edmise kulikoni na vijana wetu. Uso wake uling'aa.

Amesema basi la Martinique lilifika bila chakula cha mchana, kimepelekwa uwanja mwingine kwa makosa. Vijana walikuwa na njaa. Mwanzoni waliogopa kula kwa mgeni. Akawaonyesha pete.

"Nimewaambia mimi ni shemeji yao, na chakula kimepikwa na mume wangu kwa mikono yake. Wamekula mpaka wakakwangua sufuria, mpenzi."

Guadeloupe nne, Martinique bila.

Mzee Hildevert hakunicheka. Amenipangusa jasho kwa leso yake, kisha amempigia simu dada yake aandae vitanda.

Jumapili, 23 Septemba

Nimemwambia Mama. Amesema nguruwe atachinjwa vilevile, atamla yeye na majirani, na kila tonge atalitaja jina langu.

Nimemweleza Edmise kila kitu. Amecheka mpaka amekaa sakafuni, na nimempenda upya tangu mwanzo.

Nimetafakari kwa makini. Kosa lilikuwa maharage. Mpango wenyewe ulikuwa safi.

Kwa hiyo leo nimepanda juu na kumwambia Mzee kwamba Pasaka bado haijagawanywa. Mimi na yeye, domino, Jumapili ijayo. Atakayeshinda, kaa wa Pasaka wataliwa kwao. Amenipa mkono haraka, kama ile siku. Wanasema aliwahi kuwa bingwa wa posta nzima, lakini hiyo ni zamani.

Na safari hii nina siri. Edmise atakaa nyuma ya baba yake na kuniashiria domino alizoshika Mzee: akigusa hereni, sita, akigusa nywele, tano. Amekubali papo hapo! Amenibusu paji la uso, ameapa hatamwambia mtu, kisha amepanda juu kumsaidia baba yake kumenya vitunguu.

Nawasikia kupitia dari. Wanacheka, wanacheka, hawamalizi. Jinsi familia ile inavyopendana!