Unyoya Usio na Uzito

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Vizimba vya Masoko, Kampala, imeunda Kamati ya Juu ya Kulinganisha Hifadhidata Huria na Zana Zake. Tangazo lilibandikwa kwenye ghorofa zote tatu, na chooni pia. Aliyeliandika, katibu wa kamati Bwana Saverio, alilisoma mara nne kwa furaha.

Kazi ilikuwa nzito. Wachuuzi elfu nne wa Bwaise, ambao mvua ikinyesha huuza bidhaa maji yakiwa magotini, walikuwa wameahidiwa vizimba katika soko jipya. Majina yao yalikuwa kwenye madaftari, na madaftari yalikwisha kuloa mara mbili. Ilitakiwa programu ya kompyuta ya kuyatunza. Za bure zipo tele, na kwa kuwa ni za bure, kamati iliomba miezi minane na posho ili ichague moja.

Mkurugenzi, ambaye idara nzima ilimwita Ssalongo kwa sababu ni baba wa mapacha, aliweka sharti namba moja kabla hata ya chai. Programu itakayochaguliwa ionyeshe, mbele ya umma, jina la kila aliyebadilisha kitu, pamoja na saa. Makarani, alisema, wana mikono mirefu. Saverio aliliandika sharti hilo kwa wino mwekundu.

Kisha wakalinganisha. Kwa kuwa hakuna mjumbe aliyewahi kufungua hata programu moja, walilinganisha nembo. Postgres ina ndovu, MySQL ina pomboo, MariaDB ina sili. SQLite, iliyopendekezwa na karani Bushira, ina unyoya tu.

"Ni nyoya ya ndege gani?" Ssalongo aliuliza.

Bushira akasema hajui.

"Basi haina uzito. Saverio, andika hivyo."

Saverio akaandika: unyoya, hauna uzito. Ikafuata ziara ya siku tatu katika mbuga ya Murchison, kumwona ndovu katika mazingira yake ya kazi. Pomboo na sili hawakupatikana Uganda, wakapewa alama za muda. Ndovu alikuwa anaelekea kushinda pale Ssalongo aliposimama, mkono kifuani, akatangaza kwamba ndovu ni muziro wake, mnyama wa ukoo wao, na kwamba yeye si mtu wa kupendelea jamaa. Wajumbe walilengwalengwa na machozi. Ulinganishaji ukaahirishwa hadi apatikane mwenyekiti wa ukoo wa uyoga, ambao hauna upande.

Aprili mvua zikaja. Fatumah, mama yake Bushira, Mnubi anayeuza vikapu na mikeka Bwaise, alipoteza bidhaa zote ndani ya saa moja. Bushira alifika ofisini viatu vikiwa mkononi.

"Bwana Saverio, mama iko juu ya meza tangu asubuhi," alisema. "Nyinyi bado munatafuta uyoga?"

Saverio alimweleza utaratibu. Alimweleza vizuri sana, halafu akaona haya, jambo ambalo halimo katika majukumu ya katibu. Siku hiyohiyo Waziri akapiga simu: orodha ya vizimba isomwe hadharani Jumatatu. Saverio akamwachia Bushira ufunguo wa ofisi na hakuuliza kitu. Kufikia Ijumaa majina yote yalikuwa ndani ya kompyuta, kwenye ule unyoya, na sharti namba moja limetimizwa kikamilifu. Fatumah Kamis, aliyeuza Bwaise miaka ishirini, alipata kizimba namba saba, karibu na lango.

Ssalongo akaomba nywila kwa ajili ya ukaguzi wa ngazi ya juu.

Jumatatu wachuuzi walijaa chini ya mahema, Waziri akaketi mbele, orodha ikaangazwa ukutani. Ssalongo alihutubia dakika arobaini kuhusu uwazi. Alisimulia kwa kirefu jinsi alivyomkataa ndovu wa ukoo wake. Kwa kuwa aliipa orodha mgongo muda wote huo, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiona.

Waziri akaisoma kwa sauti. "Namba saba. Alikuwa Fatumah Kamis, sasa ni Nnalongo, mke wa Mkurugenzi. Aliyebadilisha: Mkurugenzi. Jumapili, saa tisa alasiri." Akaendelea. Namba nane alikuwa shemeji. Namba tisa na kumi walikuwa mapacha wenyewe, umri miaka minne.

Fatumah akainuka taratibu, sketi yake bado ina tope.

"Ssebo, bwana," alisema, "ukoo yako si ilijitoa kwa hii kazi?"

Waziri aliagiza namba saba irudi kwa mwenyewe, Bushira akairudisha palepale, na orodha ikaandika jina la Bushira pia, na saa. Ssalongo akamtazama katibu wake amwokoe. Saverio akafungua kitabu cha kumbukumbu, akautafuta ukurasa wa unyoya, akakata maneno "hauna uzito", na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: uzito unatosha.